Samaki Wadogo wa Ziwa Wakiacha Kuuma: Dalili, Chanzo na Tiba katika Uvuvi wa Nzi Bandia Msimu wa Baridi

Blugili (Lepomis macrochirus), krapi (Pomoxis) na perchi wa manjano (Perca flavescens) ni samaki wadogo wa maziwa na mabwawa ya Amerika Kaskazini. Msimu wa joto huwa wepesi kunasa. Maji yakishuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi mambo hugeuka, na mvuvi huanza kufungua kisanduku chake na kubadilisha chambo kimoja baada ya kingine. Hapo ndipo siku inapopotea. (Humu, chambo ni nzi bandia, yaani ndoana iliyovishwa manyoya na nyuzi.) Kwenye baridi, aina ya chambo ndiyo sababu ya mwisho kabisa ya kukosa samaki. Kwanza huja mahali, kisha kina, kisha mwendo wa chambo, kisha uwezo wako wa kutambua kwamba samaki amedonoa. Kagua kwa mpangilio huo, wala usiruke hatua.

Maelezo yote yanachukulia kwamba una ufito wa nambari 3 au 4 (namba ya uzito wa mshipi unaoufaa) wenye urefu wa mita 2.7 hivi, mshipi unaoelea, uzi wa mbele wa mita 3 na uzi wa ncha wa 5X, yaani milimita 0.15 (namba ya X ikipanda, uzi ni mwembamba zaidi). Uzi wa mbele ni ule mwangavu, unaopungua unene kutoka kwenye mshipi mkuu. Uzi wa ncha ni kipande chembamba cha mwisho kinachoshika chambo.

Anza na kipimajoto

Samaki hana joto lake mwenyewe. Mwili wake hufuata joto la maji, na maji yakipoa, mmeng'enyo wa chakula hupungua kasi, misuli huwa mizito, na mahitaji ya chakula hushuka. Hakuna chambo kitakachobadilisha hilo. Kwa hiyo kipimajoto cha bei ndogo kina faida kuliko kisanduku kizima cha vyambo vipya.

Usipime juu tu. Chukua chupa ndogo yenye mdomo mwembamba, weka kipimajoto na mawe machache ndani, ifunge kwa kamba yenye fundo kila nusu mita, ishushe hadi kina unachotaka, subiri dakika 3, kisha ivute haraka. Maji yaliyo ndani ya chupa hayabadilishi joto lake upesi, kwa hiyo unapata muda wa kusoma namba.

Nyuzi 12 hadi 15: blugili bado hufuata chambo kinachosogea polepole, na krapi yuko katika hali nzuri. Nyuzi 7 hadi 12: makundi huhama ukingoni, na chambo kinapaswa kuning'inia zaidi ya kusogea. Chini ya nyuzi 7: samaki hula kwa vipindi vifupi, mara nyingi alasiri, na hasogei zaidi ya sentimita chache kufuata kitu. Perchi ndiye asiyejali sana baridi hiyo, krapi humfuata, blugili mkubwa ndiye mzito kuliko wote.

Kumbuka pia kwamba maji huwa mazito zaidi yakiwa nyuzi 4. Yakipoa kupita hapo, hupanda juu badala ya kushuka. Ndiyo maana katikati ya majira ya baridi maji yenye joto zaidi huwa chini, karibu na sakafu ya ziwa, na jua la siku mbili tatu mwanzoni mwa majira ya kuchipua hugeuza picha hiyo: tabaka la juu na vihori vifupi ndivyo hupata joto kwanza.

Dalili: saa nzima bila mguso hata mmoja

Chanzo cha kwanza ni kuvua pasipo na samaki. Msimu wa joto blugili hutawanyika ukingo mzima. Msimu wa baridi mamia hujikusanya kwenye eneo linaloweza kuwa dogo kama sebule, na sehemu nyingine yote ya bwawa hubaki tupu. Mirusho 10 mahali pamoja bila dalili yoyote inatosha. Sogea mita 5 hadi 10, jaribu tena. Usipande mizizi pale ulipowapata mwezi wa sita.

Maeneo ya kuanzia ni haya. Tafuta mteremko ambapo ukingo unaangukia kwenye sehemu yenye kina kirefu zaidi ya bwawa. Tafuta matawi au miti iliyozama kwenye maji ya mita 2 hadi 4, nguzo za magati zilizosimama kwenye kina, na mdomo wa mkondo wa zamani uliofunikwa na bwawa. Tafuta majani ya maji ambayo bado ni mabichi. Hili la mwisho lina uzito wake: majani mabichi hutoa oksijeni na kuhifadhi wadudu, lakini majani yaliyokufa na kugeuka kahawia huoza, na kuoza hula oksijeni. Kichaka cha kahawia kilichojaa samaki mwezi wa tisa kinaweza kuwa jangwa mwezi wa kumi na mbili.

Mwishoni mwa baridi geuza utafutaji. Nenda ukingo wa kaskazini, kwa sababu ndio unaotazama jua la kusini, hasa kwenye vihori vyenye matope meusi ambayo hunyonya joto. Upepo mwepesi wenye joto ukivuma mchana kutwa kuelekea upande mmoja, husukuma maji ya juu yaliyopashwa upande huo. Tofauti ya nyuzi 1 au 2 inatosha kulihamisha kundi zima.

Chanzo cha pili, na ndicho kinachowaangusha wengi hata wakiwa juu ya samaki, ni kina kisicho sahihi. Nusu mita ni umbali mkubwa kwa samaki aliyepoa. Pima sakafu kwanza: bana koleo dogo la kutolea ndoana kwenye chambo, tupa wima, sogeza boya (kielezo kidogo kinachofungwa kwenye uzi wa mbele) hadi libaki juu tu ya maji. Sasa unajua kina kamili. Toa koleo, punguza urefu ili chambo kining'inie sentimita 30 juu ya sakafu. Mirusho 5 hapo. Kisha pandisha kwa sentimita 30, mirusho mingine 5, uendelee hivyo hadi nusu ya kina.

Kwa perchi, baki sentimita 15 hadi 30 kutoka chini. Kwa blugili, nusu mita ya chini huwa ya kwanza kujaribiwa. Krapi ni tofauti: huelea katikati ya maji, wakati mwingine mita 2 chini ya uso juu ya sakafu ya mita 6, na huona na kushambulia kinachopita juu yake. Chambo kikipita chini yake ni kama hakipo. Ukikosea kina cha krapi, kosea kwa kuwa juu.

Chanzo cha tatu ni mwendo. Ikiwa unavuta mshipi kama ulivyozoea majira ya joto, unaenda haraka mara tano zaidi ya inavyofaa. Chini ya boya, acha chambo kitulie kabisa kwa sekunde 15 hadi 20, inua ncha ya ufito sentimita 5, tulia tena. Bila boya, kunja mshipi kiganjani kidogo kidogo, sentimita 2 au 3 kwa kila mkunjo. Mkono ukichoka kwa uvivu wa mwendo huo, uko karibu na kasi inayotakiwa.

Chanzo cha nne ni saa. Kufika alfajiri kwenye maji ya nyuzi 6 ni kuteseka bure. Dirisha zuri kwa kawaida ni kati ya saa 7 mchana na saa 10 jioni, maji yanapokuwa yamepata jua la kutosha. Krapi huongeza nusu saa nyingine mwanga unapofifia.

Ukishamaliza hayo yote, ndipo utazame chambo. Chakula cha baridi ni kidogo kwa umbo: mabuu ya visubi, hasa yale mekundu yanayoishi kwenye matope, dafnia, na vijidudu vingine vinavyoonekana kwa shida. Ndoana nambari 14 hadi 18 (namba ikipanda, ndoana ni ndogo zaidi) zenye mwili mwembamba mwekundu, mweusi au kijani cha zeituni humtosha blugili na perchi. Kwa krapi, anayekula vifaranga vya samaki, nenda nambari 8 hadi 12, manyoya laini ya marabu meupe, ya kijivu au ya waridi, ambayo hucheza yenyewe hata chambo kikiwa kimesimama. Usilinunue rundo la vyambo vyenye miguu ya mpira mirefu na vichwa vya povu kwa kazi hii. Ni vya majira mengine.

Dalili: boya halizami, lakini unahisi kuna kitu

Hapa kuna samaki wengi wanaopotea bila mvuvi kujua kwamba walikuwepo. Blugili hali kwa kukamata. Hufungua mdomo na kunyonya maji pamoja na chambo, akionja na kutema kwa muda mfupi sana. Msimu wa joto hugeuka na kuondoka nacho, kwa hiyo boya huzama. Msimu wa baridi hubaki pale pale alipo. Boya halina sababu ya kuzama.

Jifunze ishara nyingine. Boya linaloyumba dhidi ya mdundo wa viwimbi. Boya linaloinama upande mmoja na kubaki hivyo. Boya lililokuwa likisukumwa na upepo, ghafla likasimama. Na ile inayosahauliwa kuliko zote: boya linalolala ubavu au kupanda juu kidogo. Maana yake samaki, kwa kawaida krapi, amekichukua chambo akielekea juu na kuuondolea uzi uzito. Kila moja ya hizo ni mdono. Inua ufito.

Kama ishara hazionekani kabisa, chanzo huwa ni boya kubwa mno. Boya la milimita 20 lililokusudiwa mtoni halitaonyesha chochote. Tumia la milimita 12 au dogo zaidi, au kifundo cha sufi kilichopakwa grisi ya kuelea. Halafu lisawazishe na uzito wa chambo: kwenye maji ya karibu na miguu yako, boya likiwa limebeba chambo lionyeshe theluthi moja tu juu ya uso. Likielea kwa majivuno, samaki huhisi ukinzani anaponyonya na kutema kabla hujapepesa jicho. Ongeza uzito mdogo wa chubwi, au punguza boya.

Chanzo kingine ni uzi uliolegea kati ya boya na chambo. Uzi wa mbele wa kawaida ni mnene sehemu ya juu, na ule unene huelea, huzama kwa upinde, na kila mdono hunyoosha upinde kwanza kabla ya kufika kwenye boya. Fanya hivi: funga boya mwishoni mwa sehemu nene, na kutoka hapo shuka kwa uzi mwembamba wa florokaboni wenye unene mmoja, 5X au 6X, kuning'inia wima. Florokaboni ni nzito kuliko nailoni na huzama haraka zaidi, kwa hiyo mstari unakuwa mnyoofu.

Namna chambo kinavyoning'inia nayo ina neno. Kikifungwa kwa fundo la kubana kwenye ndoana ya kawaida, kinaning'inia kichwa juu mkia chini, umbo ambalo hakuna kidudu kinachokaa nalo muda mrefu. Ndoana ya jigi yenye jicho lililopinda, ushanga wa tangsteni uliosogezwa mbele ya jicho kwa kipini kifupi, na fundo la kitanzi kisichobana, hukilaza mlalo. Kwa krapi wenye kusitasita, badiliko hili peke yake huleta tofauti kubwa.

Bila boya, paka grisi sentimita 30 za mwisho za mshipi unaoelea, weka ncha ya ufito kwenye usawa wa maji, na utazame pale mshipi unapoingia majini. Ukisimama, ukisogea pembeni, au ukizama kidole kimoja zaidi, inua.

Dalili: samaki anadonoa lakini hanasi, au ananasa kisha anaponyoka

Tenganisha mambo mawili haya, kwa sababu tiba zake hukinzana.

Hanasi kabisa. Kwa blugili, ndoana ni kubwa mno kwa mdomo mdogo. Shuka kutoka nambari 10 hadi 14. Au ncha ni butu: iburuze kwenye ukucha wa kidole gumba, ikiteleza bila kukwaruza, inoe au itupe. Au uzi wa ncha ni mgumu kiasi kwamba chambo hakiingii mdomoni kikinyonywa. Shuka kutoka 4X hadi 6X. Au mkia wa manyoya ni mrefu na samaki anashika mkia tu. Ukate hadi uwe sawa na urefu wa shina la ndoana.

Ananasa kisha anaponyoka. Hasa kwa krapi, hatia ni ya mkono. Pande za mdomo wake ni utando mwembamba unaochanika. Mvuto wa nguvu hutoboa tundu, tundu linapanuka, ndoana inaanguka. Kukaza kunatakiwa kuwe kuinua ufito kwa utulivu, sentimita 30, huku mkono mwingine ukivuta mshipi kidogo. Kisha weka mpindo wa ufito bila kuuacha ulegee hata mara moja, na umpokee kwa wavu. Krapi aliyeinuliwa juu ya maji kwa kuning'inizwa kwenye uzi mara nyingi hurudi majini mwenyewe. Kuibana miba ya ndoana ili iwe laini pia husaidia, kwani ndoana isiyo na miba hupenya kwa nguvu ndogo na tundu lake huwa dogo.

Ukikaza ukakosa, usiinue kila kitu juu ya maji. Acha chambo kirudi pale pale. Samaki wa baridi hajaenda popote.

Dalili: wadogo tu

Makundi haya hupangana kwa ukubwa. Ukipata watano wa urefu wa kidole, wa sita atakuwa vile vile. Wakubwa mara nyingi huwa chini ya wadogo au upande wa nje wa kundi, kwenye kina zaidi. Shusha chambo nusu mita, na ukitie uzito wa kupita katikati ya wadogo kabla hawajakigusa: ushanga wa tangsteni wa milimita 2.5 badala ya ule wa shaba, kwa kuwa tangsteni ina uzito zaidi ya mara mbili kwa ukubwa ule ule. Bado wadogo? Ondoka. Kuongeza ukubwa wa chambo husaidia mara chache, kwa sababu blugili wakubwa nao wanakula vidudu vidogo wakati huu.

Dalili: jana waliuma, leo hakuna

Angalia anga. Hewa baridi ikipita usiku, asubuhi inafuata yenye anga safi na jua kali lisilo na joto, na maji ya vina vifupi yamepoteza nyuzi 2 au 3. Samaki hawakuhama mbali. Wameshuka mteremko ule ule na kujibana kwenye kifuniko, matawi au nguzo, na duara lao la kulia limepungua. Anzia pale pale ulipowapata jana, elekea kwenye kina mita kwa mita, punguza ndoana kwa nambari mbili, na ongeza muda wa kutulia mara dufu. Upande wa pili wa jambo hili: siku tatu mfululizo za hali ya hewa isiyobadilika, hata kama ni baridi, ni bora kuliko siku moja ya joto la ghafla.

Kwenye bwawa dogo lenye majani mengi lililofunikwa na barafu kwa wiki kadhaa kuna sababu nyingine: oksijeni ya chini imekwisha kutokana na kuoza, na samaki wamepanda. Barafu ikiyeyuka, anza juu badala ya sakafuni.

Dalili: chambo hakifiki chini, au upepo unakiburuta

Pima kasi ya kuzama kabla ya kulaumu chochote. Tupa chambo kwenye maji safi ya mita 1 karibu na ukingo na uhesabu sekunde hadi kitue. Kikichukua sekunde 10, basi mita 3 ni sekunde 30, na wengi huanza kuvuta baada ya 10. Hesabu kwa sauti kama ni lazima.

Kina kikizidi urefu wa ufito, boya lililokazwa halipiti kwenye pete ya ncha, yaani tundu la mwisho la ufito ambamo mshipi hupita, na samaki anabaki mita moja mbali nawe bila kufikiwa. Tumia boya linalofunguka likivutwa na kuteleza hadi kwenye chambo, au achana na boya na utumie mshipi unaozama polepole, sentimita 4 au 5 kwa sekunde.

Upepo wa ubavuni hutengeneza tumbo kwenye mshipi unaoelea, na tumbo hilo huliburuta boya. Chambo kinapanda, mwendo unaharibika. Rusha upepo ukiwa mgongoni, au mara tu boya likitua, inua mshipi na uutupe upande unakotoka upepo. Rudia kila unapoona tumbo. Viwimbi vidogo vyenyewe si adui. Hukichezesha chambo kwa kiasi kinachofaa kuliko mkono wako.

Vyambo viwili kwenye uzi mmoja, kizito chini na chepesi sentimita 45 juu yake, huharakisha kuzama na kupima vina viwili kwa wakati mmoja. Baadhi ya majimbo ya Marekani huweka kikomo cha idadi ya vyambo, basi soma kanuni za maji husika kwanza.

Dalili: mshipi umejikunja kama waya

Ganda la plastiki la mshipi hukakamaa kwenye baridi na kukumbuka umbo la rili. Mishipi iliyotengenezwa kwa ajili ya bahari ya joto ni mibaya zaidi, kwa kuwa hufanywa migumu makusudi. Nunua ule wa maji ya baridi wenye ganda laini. Kabla ya kuanza, toa mita 10 na uunyooshe kipande kwa kipande kati ya mikono miwili, ukishikilia kila kipande sekunde 5. Usiuvute kwa kishindo. Uchafu nao huongeza ukakamavu, hivyo uoshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, ukaushe. Uzi wa mbele uliojikunja unyooshwe hivyo hivyo baada ya kulowa.

Dalili: mirusho inafupika, mshipi unakwaruza, kisha unakwama

Hiyo ni barafu kwenye pete. Hewa ikiwa chini ya nyuzi 0, kila mvuto wa mshipi hupandisha filamu ya maji, na maji hayo hubaki kwenye pete na kuganda. Pete ya ncha na zile mbili tatu zinazofuata huziba kwanza kwa sababu ndizo ndogo zaidi. Hatari yenyewe huja samaki akinasa: mshipi hauwezi kuteleza, na uzi wa ncha wa 6X hukatika bila onyo.

Tiba ni kutouvuta mshipi. Toa mita 7 hadi 9, rusha, liache boya lifanye kazi, kisha inua kila kitu kwa pamoja na urushe tena kwa urefu ule ule. Barafu haina maji ya kujengea. Njia hii inalingana na uvuvi wa baridi kwa sababu nyingine pia: samaki wote wako mahali pamoja, huna haja ya kubadilisha umbali.

Pete zikishaziba, zamisha ncha ya ufito majini kwa sekunde 15. Maji ya ziwa, hata yakiwa nyuzi 2, yana joto kuliko barafu. Itoe, ikung'ute kwa nguvu ili isigande upya. Usibandue kwa kucha wala kwa kisu, na kamwe usiuvute mshipi kupita kwenye barafu. Makali yake huchana ganda, na pete ya ncha hung'oka. Kabla ya kuanza, paka pete giliserini au mafuta mazito ya silikoni na urudie kila nusu saa. Mafuta ya kupaka yatokanayo na petroli yaache. Huliharibu ganda la mshipi.

Usizamishe rili. Maji yakiingia kwenye breki yake na kuganda, haitazunguka siku nzima. Viungo vya ufito vikigandana, vishike kwa viganja vitupu hadi vilegee. Kuvipinda kwa koleo huvipasua.

Kwa siku za chini ya nyuzi 5 hasi, ufito wa tenkara kutoka Japani ni jibu safi kuliko yote: mita 3.3 hadi 3.9, mshipi umefungwa kwenye ncha, hakuna pete wala rili. Kausha vipande vyake kabla ya kuvikunja, kwa sababu maji yaliyobaki kati ya vipande hugandisha ufito ukiwa umerefuka.

Dalili: mafundo yanakatika

Vidole vya baridi havikazi fundo hadi mwisho. Loweka kila fundo, livute polepole hadi likae, kisha lijaribu kwa mvuto thabiti. Pale florokaboni inapoungana na nailoni, tumia fundo la daktari la mizunguko 3 badala ya 2. Pitisha uzi wa ncha kati ya midomo kila baada ya nusu saa kutafuta kijifundo kilichojifunga chenyewe wakati wa kurusha. Ukikihisi, kata ufunge upya. Lililo bora ni kufunga nyumbani: nyuzi za ncha 6 zenye chambo tayari, kila moja na kitanzi kwenye mwisho wake, zikiwa zimezungushwa kwenye kipande cha povu. Kando ya maji unabadilisha kitanzi kwa kitanzi, huku glovu zisizo na ncha zikiwa mkononi.

Dalili: samaki aliyerudishwa anaelea ubavu

Kibofu cha hewa cha samaki hawa hakina njia ya kutoa hewa haraka. Wakitolewa kwenye mita 8 au zaidi, hewa hupanuka na hawawezi kurudi chini. Kama unakusudia kurudisha, usivue kina hicho. Kama umewapata huko, wahesabu kuwa wa kula, na uache ukifika idadi inayoruhusiwa. Kwenye hewa ya chini ya nyuzi 0, matamvua na macho huanza kuganda upesi, basi mfungue ndoana akiwa ndani ya maji, kwa mkono uliolowa.

Dalili: vidole havihisi, unatetemeka

Acha kuvua, jikaushe na upate joto. Vaa koti la kuokolea kila unapoingia majini au kwenye chombo. Anayeanguka kwenye maji ya baridi ana takriban dakika 1 ya kutawala pumzi yake, dakika 10 za kuweza kujisogeza kwa maana, na saa 1 hivi kabla ya kupoteza fahamu. Usisimame kwenye ukingo wa barafu ili kufikia maji yaliyo wazi. Barafu safi inayopitisha mwanga inahitaji unene wa sentimita 10 kubeba mtu mmoja kwa miguu, na ile nyeupe yenye mapovu inahitaji maradufu. Karibu na chemchemi, mito inayoingia na nguzo za magati, vipimo hivyo havifai kutegemewa hata kidogo.